KIOO KIPANA KINAONYESHA ZAIDI? Somo la hesabu lililotoka katika nyumba ya michezo

Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kuandika juu ya mimea, afya na fizikia. Mara hii sisi wa klasi ya nne ya sayansi tunawaletea somo lililoanza na fujo. Hatutaki kulificha neno hilo, maana wengi wenu mulisikia kelele yake mpaka kwenye mabweni.

1. Namna neno lilivyoanza

Nyuma ya konje ya Pasaka, wenzetu wanne waliotoka Kabambare walikubaliana na wanne wa hapa Kasongo kucheza mpira wa televizyo katika nyumba moja ya michezo. Kila mmoja aliweka faranga 1.000, na washindi wangechukua zote. Waalimu wetu wametuambia wazi kwamba mchezo wa kuwekeana pesa haufai kwa mwanafunzi, na sisi tumesikia. Lakini somo lenyewe liko mahali pengine.

Nyumba ile iko na televizyo mbili na mashine mbili za PlayStation 2. Televizyo ya kwanza ni ya zamani, yenye mgongo mkubwa, na kioo chake ni karibu mraba. Mchezo mmoja pale ni faranga 300. Ya pili ni bapa na kioo chake ni kipana, na pale mchezo ni faranga 500. Mwenye nyumba alizoea kusema: “Kioo kipana, uwanja mpana. Anayetaka kuona zaidi, alipe zaidi.” Wote tuliamini. Tuliona kioo ni kipana, basi tukafikiri kinaonyesha mengi.

Wenzetu wa Kabambare walizoea televizyo ndogo ya mraba. Walicheza kwa kutazama ramani ile ndogo ya wachezaji iliyo chini ya picha. Kwenye kioo kipana ramani ile hawakuiona. Hata saa na hesabu ya magoli, ambazo zinakaa juu, hazikuonekana. Wale wa Kasongo walikuwa wamezoea kucheza bila vitu hivyo. Mwishoni mchezo ulikwisha mpira ukiwa mbele ya goli. Wa Kabambare wakasema: “Njo vile munatuiba! Saa iko wapi?” Wa Kasongo wakajibu kwa maneno ambayo hatuyaandiki hapa. Majuma matatu watu wawili waliokaa meza moja tangu mwaka wa kwanza hawakusemezana.

Mwalimu wetu wa hesabu aliposikia, hakutugombeza. Aliuliza tu: “Mumepima?” Hakuna aliyejibu. Basi, tukaenda kupima.

2. Tuliyopima kwa rula

Tulikwenda siku ya posho asubuhi, watu sita, watatu wa upande huu na watatu wa upande ule, tukiwa na rula na daftari. Mwenye nyumba alitukubalia tusimamishe picha mpira ukiwa katikati ya uwanja, tukapima mpira wenyewe juu ya kioo kipana. Mpira ni kitu kizuri cha kupima, sababu kila mtu anajua kwamba ni wa mviringo. Picha ikisema uongo, mpira unaufichua.

Mara ya kwanza, televizyo ikiwa vile tuliyoikuta: mpira ulikuwa na upana wa milimita 16 na kimo cha milimita 16. Ni mviringo mzuri. Lakini saa haionekani juu, na ramani haionekani chini.

Tukafinya kifungo cha telekomandi kinachogeuza umbo la picha. Mara ya pili: upana milimita 16, kimo milimita 12. Saa na ramani zimerudi, lakini mpira ni kama yai, na wachezaji wote wamenenepa.

Tukafinya tena. Mara ya tatu: upana milimita 12, kimo milimita 12. Mpira ni mviringo, saa iko, ramani iko, lakini kuna mistari miwili mipana myeusi, mmoja kuume na mmoja kushoto.

Sasa mutazame vizuri. Katika namna hizi tatu, je, tuliona sehemu ya uwanja ambayo haikuonekana kwenye televizyo ya zamani? Hapana. Namna ya tatu inaonyesha uwanja ule ule. Namna ya pili inavuta uwanja ule ule, kama mtu anayevuta kitambaa. Namna ya kwanza ni mbaya kuliko zote, sababu inakuza picha mpaka ijaze upana, na kinachozidi juu na chini kinakatwa. Tulihesabu: inakata robo moja ya kimo, yaani sehemu moja ya nane juu na sehemu moja ya nane chini. Katika nane ya juu ndipo saa ilipokaa. Katika nane ya chini ndipo ramani ilipokaa.

Kumbe tulilipa faranga 200 zaidi ili tuone pungufu!

3. Umbo la kioo

Kila kioo kina kipimo cha umbo: upana wake ukigawanywa kwa kimo chake. Televizyo za zamani zina 4 kwa 3, maana yake upana ni 4 ikiwa kimo ni 3. Ukigawanya unapata 1,33. Umbo hili lilitoka kwenye filamu za sinema za mwisho wa karne ya 19, na televizyo zikalirithi. Televizyo bapa za leo zina 16 kwa 9, ni 1,78. Telefone nyingi za sasa ni ndefu zaidi: yenye nukta 1.600 kwa 720, ukiilaza, ina 20 kwa 9, ni 2,22.

Neno la kushika ni hili: kipimo cha umbo kinasema dirisha lina sura gani. Hakisemi peke yake unaona mangapi kupitia dirisha lile. Hilo linaamuliwa na yule aliyetengeneza mchezo.

4. Jaribio la katoni

Tulitaka kuelewa kwa macho yetu wenyewe, si kwa maneno. Na ninyi munaweza kufanya jaribio hili bila televizyo na bila umeme.

Tulichukua katoni, tukakata matundu manne:
– tundu A: upana sentimita 12, kimo sentimita 9 (ni 4 kwa 3);
– tundu B: upana 16, kimo 9 (ni 16 kwa 9);
– tundu C: upana 20, kimo 9 (ni 20 kwa 9);
– tundu D: upana 12, kimo 6,75 (nalo ni 16 kwa 9, lakini limepatikana kwa kukata juu na chini).

Kisha kwenye uwanja wa mpira tulisimika fimbo 10 kwa mstari mmoja, kila fimbo mita 10 mbali na mwenzake. Mmoja wetu alisimama mita 30 mbele ya mstari, akielekea katikati yake, fimbo tano kuume na tano kushoto. Akafunga jicho moja, akashika katoni sentimita 6 mbele ya jicho la pili. Haifai kugeuza kichwa.

Aliona hivi: kwa tundu A, fimbo 6. Kwa tundu B, fimbo 8. Kwa tundu C, fimbo 10 zote. Kwa tundu D, fimbo 6 tu, na udongo wa mbele ya miguu umepungua.

Hesabu inakubaliana na macho. Tundu A lina nusu-upana wa sentimita 6, na jicho liko sentimita 6. Tanjenti ni 6 kwa 6, ni 1. Basi nusu ya pembe ni digrii 45, na pembe nzima ni digrii 90. Kwa umbali wa mita 30 anaona mita 60 za mstari. Tundu B: 8 kwa 6 ni 1,33. Nusu ya pembe ni digrii 53, pembe nzima ni karibu 106, na mstari unaoonekana ni mita 80. Tundu C: 10 kwa 6 ni 1,67. Pembe ni karibu 118, mstari ni mita 100.

Na kimo? Tundu A, B na C zote zina nusu-kimo cha 4,5. Ukigawanya kwa 6 unapata 0,75, pembe ya kimo ni karibu digrii 74. Tundu D lina 3,375 kwa 6, ni 0,56, pembe inashuka mpaka karibu 59. Mtu mwenye jicho mita 1,5 juu ya udongo, kwa tundu A anaona udongo kuanzia mita 2 mbele yake. Kwa tundu D anaanza kuona kwenye mita 2,67.

Wale wanaopenda jometri watafurahi hapa: nusu-pembe ya digrii 53 na nusu-pembe ya digrii 37 ni pembe zile zile za pembetatu ya 3, 4 na 5 ambayo waashi wanatumia kunyosha kona ya nyumba.

Kanuni ni hii, muiandike katika daftari:

Tanjenti ya nusu-pembe ya upana = kipimo cha umbo × tanjenti ya nusu-pembe ya kimo.

5. Mchezo unaweza kufanya mambo matatu

Katika mchezo ambamo unaona kwa macho ya mtu anayetembea, ordinateri inafanya kama yule mwenzetu na katoni. Mchezo wa namna hiyo ulitengenezwa hata karibu na sisi: Nairobi X, uliotolewa Nairobi mwaka 2015 na Black Division Games. Kioo kikibadilika umbo, mtengenezaji ana njia tatu.

Njia ya kwanza: anashika pembe ya kimo, anaacha pembe ya upana iongezeke. Ni kutoka tundu A kwenda tundu B. Hapa mwenye kioo kipana anaona zaidi kweli. Mchezo Counter-Strike: Global Offensive wa mwaka 2012 ulikuwa hivyo: digrii 90 kwa kioo cha 4 kwa 3, karibu digrii 106 kwa kioo cha 16 kwa 9. Watu wawili wakipigana, mmoja akiwa na kioo cha zamani, adui anaweza kusimama pembeni mwake asimwone.

Njia ya pili: anashika pembe ya upana, anakata kimo. Ni kutoka tundu A kwenda tundu D. Hapa mwenye kioo kipana anaona pungufu. Mwaka 2007 mchezo BioShock ulipotoka, wenye vioo vipana waligundua kwamba picha yao imekatwa juu na chini kuliko ya wenye vioo vya zamani. Walilalamika sana, mpaka watengenezaji wakatoa marekebisho.

Njia ya tatu: picha haigeuki hata kidogo, inavutwa tu au inawekewa mistari myeusi. Hakuna anayeona zaidi wala pungufu. Lakini picha ikivutwa, mpira unakuwa yai.

6. Na wingi wa nukta?

Wengine waliotusikia walisema: “Basi ni nukta. Kioo chenye nukta nyingi ndicho kinaonyesha mengi.” Hili nalo tulilichunguza.

Picha ya kioo imefanywa kwa nukta ndogo sana zilizopangwa kama mahindi katika mistari. Kioo cha nukta 1.024 kwa 768 kina nukta 786.432. Kioo cha 1.366 kwa 768 kina 1.049.088. Kioo cha 1.920 kwa 1.080 kina 2.073.600.

Sasa turudi kwenye fimbo zetu. Kioo cha kwanza ni 4 kwa 3, kwa njia ya kwanza kinaonyesha mita 60 za mstari. Nukta 1.024 kwa mita 60 ni nukta 17 kwa kila mita. Kioo cha pili ni karibu 16 kwa 9, kinaonyesha mita 80. Nukta 1.366 kwa mita 80 ni nukta 17 vilevile! Nukta zilizoongezeka zilikwenda zote kufunika upana mpya. Kioo cha tatu kina umbo lile lile la 16 kwa 9, kinaonyesha mita 80 zile zile, lakini sasa ni nukta 24 kwa kila mita. Mtu mwenye mabega ya nusu mita anachorwa kwa nukta 12 badala ya 8 na kitu. Haonekani mkubwa zaidi, wala nyuma yake haionekani fimbo mpya. Anaonekana wazi zaidi.

Ni kama mkeka. Mkeka uliosukwa kwa ukindu mwembamba ni mzuri kutazama, na maua yake yanaonekana vizuri. Lakini wembamba wa ukindu hauongezi watu wa kuketi juu yake.

Iko tofauti moja. Kuna michezo inayotazamwa toka juu, ambamo kila nyumba na kila askari amechorwa kwa hesabu ya nukta isiyobadilika. Hapo nukta nyingi zinaonyesha nchi kubwa zaidi kweli. Katika Age of Empires II wa mwaka 1999, mwenye nukta 1.280 kwa 1.024 aliona nchi kubwa karibu mara mbili na nusu na zaidi kuliko mwenye 800 kwa 600. Katika StarCraft wa mwaka 1998, watengenezaji walifunga picha kwenye 640 kwa 480 kwa wote, na hivyo kila mtu aliona sehemu iliyo sawa.

7. Pembe kubwa si bure

Mtu atauliza: juu ya nini wasitupe digrii nyingi tu? Sababu kioo hakikui. Pembe ikiongezeka na kioo kikibaki kile kile, vitu vyote vya katikati vinakuwa vidogo, na vya pembeni vinavutika. Tena, televizyo yenye upana wa sentimita 80, ukikaa mita 2 mbali nayo, inashika karibu digrii 23 tu za macho yako. Mchezo unasukuma digrii 90 au 106 za dunia yake ndani ya digrii 23 zile. Wengine kati yetu wanapata kizunguzungu wakicheza kwa muda, na tofauti hiyo ni sababu moja.

8. Mwisho wa neno lile

Tulipokwisha kupima, tuliingia katika mipango ya mchezo wenyewe, tukakuta mahali pa kuchagua 16 kwa 9. Ilikuwa imeachwa kwenye 4 kwa 3 tangu mashine inunuliwe. Tukachagua, kisha tukarudisha televizyo kwenye namna ya pili, ile iliyofanya yai. Safari hii mpira ulikuwa milimita 12 kwa 12. Saa iko, ramani iko, na uwanja umeongezeka kwa theluthi moja ya upana. Kwa mara ya kwanza maneno ya mwenye nyumba yakawa kweli.

Yeye mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mimi nilinunua kioo, sikununua ujuzi.” Pesa hazikurudi. Alisema zimekwenda katika mafuta ya mota, na hatukuwa na la kuongeza. Lakini alitupa kipande cha katoni tuandike mipango minne na vipimo vya mpira, akakitundika ukutani, na kiko pale mpaka leo.

Kwa upande wetu, sisi wa Kasongo tulioandika somo hili tulisimama mbele ya klasi, tukawaambia wenzetu wa Kabambare kwamba walisema kweli: saa haikuonekana, wala hakuna aliyejua kama mchezo ulikwisha kwa haki. Nao walisema kwamba hakukuwa na mwizi, kulikuwa na kifungo tu kilichofinywa vibaya. Wale wawili wamerudi kwenye meza yao moja. Mmoja wao ndiye aliyeshika katoni uwanjani, na mwenzake ndiye aliyesimika fimbo.

Tuliyojifunza ni machache. Kioo kipana si uwanja mpana. Nukta nyingi si pembe kubwa. Na mbele ya kumwita mtu mwizi, tafuta rula.

Maswali ya kujipima

1. Ukisimama mita 15 mbele ya mstari badala ya mita 30, kwa tundu B utaona mita ngapi na fimbo ngapi?
2. Kioo cha nukta 1.280 kwa 1.024 kina kipimo gani cha umbo? Kwa njia ya kwanza, kinaonyesha zaidi au pungufu kuliko kioo cha 4 kwa 3?
3. Umepima mpira kwenye kioo: upana milimita 20, kimo milimita 15. Kosa ni gani?

Majibu: (1) Mita 40, fimbo 4. (2) 5 kwa 4, ni 1,25. Kinaonyesha pungufu: karibu digrii 86 badala ya 90. (3) Picha ya 4 kwa 3 imevutwa ijaze kioo cha 16 kwa 9. Gawanya 20 kwa 15 mutaona 1,33, na mpira wa kweli ungetoa 1.